Sakafu Nzuri ya Kisima cha Zahanati

Machi 3, Jumanne

Kosa wanalofanya watu wengi kuhusu kisima kirefu ni kudhani kwamba maji yake yakichafuka, yamechafukia chini. Chini hakuna shida. Mita sitini ardhini, maji yamekwisha kuchujwa na mchanga na mwamba kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Uchafu unatoka juu, hapa hapa tunapotembea na kufuga na kuchimba vyoo, na unachohitaji ni njia ya kushukia. Kazi ya mkaguzi ni kuhakikisha njia hiyo haipo.

Niliyasema haya leo mbele ya ubao, nikimfundisha mhandisi kijana aliyeletwa kurithi meza yangu nitakapostaafu mwishoni mwa Juni. Ni binti mwenye maswali mafupi. Nikamchorea tundu, na ndani yake bomba. Kati ya bomba na ukuta wa tundu hubaki nafasi ya upana wa kiganja. Sehemu ya chini ya nafasi hiyo hujazwa kokoto ndogo. Mita sita za juu hujazwa uji wa saruji, unaganda, unaziba. Tunakiita kizibo. Kikishamwagwa hakionekani tena mpaka Siku ya Kiama. Ndiyo maana fomu yetu ina vituo saba, yaani mahali saba ambapo mchimbaji lazima azime mashine amsubiri mkaguzi aje aone kwa macho. Kizibo ni kituo cha nne.

"Na wewe, Mzee, umeona vizibo vingapi?" akaniuliza.

Nikamwambia vingi. Akaandika "vingi" kwenye daftari lake, kana kwamba ni kipimo.

Mvua ya kwanza imenyesha saa nane mchana. Milimita kumi na mbili kwenye kipimo changu cha uani.

Machi 5, Alhamisi

Mvua. Ripoti za robo mwaka. Mke wangu amenishonea vifungo vya koti la kazi. Anasema koti litastaafu kabla yangu.

Machi 9, Jumatatu

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya kisima cha zahanati amepiga simu. Maji yametoka na rangi ya chai ya maziwa. Hakuniuliza sababu, alikuwa nayo tayari: mtunza pampu haoshi tangi. Alilisema kwa adabu, maana anajua mtunza pampu ni nani kwangu. Ni mjane wa marehemu kaka yangu, na mimi ndiye niliyempendekeza kwa kamati.

Kisima hicho ni kipya. Kilichimbwa mwishoni mwa mwaka jana kwa fedha za serikali, kikafunguliwa Januari kiangazi kimekomaa. Kaya mia sita zinachota hapo. Mvua hizi ndizo za kwanza kukikuta.

Machi 10, Jumanne

Tumekwenda na mhandisi kijana. Kitu cha kwanza anachokiona mgeni pale ni sakafu. Zege pana, laini, lenye mistari ya kuzuia utelezi na mfereji wa kutolea maji yaliyomwagika. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi aliisifia, nami nikasimama nyuma yake nikiitikia kwa kichwa kama mwenye nyumba. Sijawahi kuona sakafu nzuri namna ile kwenye mradi wa ukubwa ule.

Shemeji alitupokea. Watu humwita Mama Funguo, kwa sababu anatembea na pete yenye funguo kumi na moja ilhali pale kuna kufuli mbili tu. Nyingine, huwa anasema, ni za milango iliyokwisha kuvunjwa. Hazitupi kwa sababu huwezi kujua. Mwenyekiti akaanza habari ya tangi. Shemeji hakubishana naye. Alileta ngazi, akaiegemeza, akanigeukia.

"Panda mwenyewe, shemeji. Macho unayo."

Nikapanda. Tangi lilikuwa safi kama sahani, ila chini kabisa palikuwa na utando mwembamba wa tope bichi, la siku moja au mbili. Mtu anayefanya kazi yangu hahitaji zaidi ya hapo. Tope la tangi lisilooshwa ni jeusi, lina utelezi, lina harufu. Hili lilikuwa jekundu, udongo wa juu, na liliingia na maji.

Nilishuka nikamwambia aoshe mara mbili kwa wiki badala ya moja, na aongeze dawa ya maji. Mwenyekiti akaridhika. Shemeji akanitazama kidogo, akaitikia. Mhandisi kijana hakuandika kitu.

Kwenye gari aliniuliza kwa nini tangi lilionekana safi. Nikamweleza juu ya aina za udongo kwa dakika arobaini.

Machi 14, Jumamosi

Milimita thelathini na moja. Nimepanda maharage uani.

Machi 17, Jumanne

Majibu ya maabara ya maji tuliyochukua siku ile pale zahanati: vijidudu vya kinyesi. Si vingi vya kutisha, lakini kwenye maji ya kunywa kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri, na sifuri haina jamaa.

Jioni kamati ilikaa chini ya paa la zahanati, tukaalikwa. Nimehudhuria vikao vya maji miaka thelathini na moja, na naweza kuvieleza vyote kwa kimoja: watu hutafuta mtu, hawatafuti tundu. Mtu ana jina, anaweza kufukuzwa. Walimsema shemeji kwamba anachelewa kufungua, kwamba ana kiburi, kwamba alipewa kazi kwa undugu. Fundi cherehani mmoja akasema hata hizo funguo kumi na moja ni za nyumba ambazo shemeji yake mkaguzi atamjengea. Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka, akasema basi waanze kumletea mapazia.

Mimi nilinyamaza. Nilijiambia nikimtetea watasema undugu umenena, na maneno yangu hayatakuwa na uzito. Ni hoja nzuri. Nimeirudia njia nzima na bado ni nzuri. Jambo moja tu linaniudhi, kwamba ilinijia haraka mno.

Machi 18, Jumatano

Mvua.

Machi 19, Alhamisi

Mvua. Mhandisi kijana ameomba kupitia majalada ya zamani ajifunze. Nimemwambia tumalize kwanza ya mwaka huu.

Machi 22, Jumapili

Siku tatu za jua. Mke wangu alitaka kumwona shemeji, tukaenda kama ndugu, bila koti la kazi.

Alikuwa kwenye chumba cha pampu. Walipokwisha kusalimiana na kuulizana habari za wajukuu, shemeji aliniita ndani. Ukutani, nyuma ya mlango, alikuwa amechora kwa mkaa. Kila siku mstari mmoja. Juu ya mstari alama ya mvua, ndogo au kubwa. Chini ya mstari duara, tupu kama maji ni safi, jeusi kama yamechafuka. Mistari ishirini kwa jumla, tangu mvua ya kwanza. Niliisoma kama ninavyosoma jalada, kushoto kwenda kulia.

Alinieleza polepole, kama mtu anayehofia kuonekana mjuaji. Tangi akiosha, asipoosha, hakuna tofauti. Mvua ndogo, maji ni safi. Mvua kubwa, baada ya kama saa tatu maji yanabadilika, na jua likiwaka siku mbili yanarudi.

"Mimi sikusoma," akasema. "Wewe umesoma. Hii maana yake nini?"

Maana yake mtoto wa shule angeiona. Maji ya mvua yanashuka pembeni mwa bomba, yanafika ndani ya saa tatu, kwa hiyo njia ipo. Kizibo hakipo, au kipo jina tu.

Nikamwambia nitalitazama.

Amefanya peke yake, kwa kipande cha mkaa, kazi ambayo serikali ilinilipa mimi niifanye. Nami nimemwambia nitalitazama.

Machi 23, Jumatatu

Nimelitoa jalada. Kituo cha nne: "Nimeona." Saini yangu, tarehe. Chini yake imebanwa picha: mifuko ya saruji imepangwa kando ya tundu, ishirini kamili, na bomba linachungulia nyuma yake.

Lazima nieleze jambo hili vizuri, kwa kuwa ni la kwangu. Miaka minane iliyopita tulikuwa na visima kumi na kimoja vinachimbwa kwa pamoja, gari moja, mkaguzi mmoja. Wachimbaji walikuwa wakisubiri hata siku tisa kwenye kituo kimoja, mashine imezima, vijiji vinalalamika. Nikabuni njia. Mchimbaji atanitumia picha, nami nitasaini, kazi iendelee. Nikipata nafasi nitapita. Niliiita saini ya picha. Mkuu wangu alinipongeza mbele ya kikao. Wachimbaji wakanibandika jina, Mzee Upesi, na nililipenda. Nilikuwa naamini namsaidia mwananchi apate maji mapema.

Picha ile inaonyesha mifuko. Haionyeshi saruji ikimwagwa. Miaka minane nimekuwa nikitazama picha za mifuko na kuandika "Nimeona."

Machi 25, Jumatano

Nimekwenda kwa mchimbaji. Tunamwita Koleo, kwa mshiko wa mkono wake. Ukisalimiana naye unahesabu vidole. Tumefanya kazi pamoja tangu sote wawili tukiwa na nywele. Nilimkuta uani kwake amelala chini ya mashine, miguu tu nje, akaifahamu sauti yangu na kuniita nikae juu ya tairi.

Nilizunguka. Nikauliza afya, nikauliza mashine, nikauliza mvua. Hatimaye nikauliza saruji ya kisima cha zahanati ilikwenda wapi. Miguu ikatulia. Akatoka chini ya mashine, akajipangusa mikono kwa tambara kwa muda mrefu.

Hakukana. Alisema mwenyekiti alikuja wiki ya mwisho, amekwisha kusikia kwamba mgeni rasmi atakuja, na sakafu kwenye ramani ilikuwa ndogo kama mkeka wa mtu mmoja. Akambembeleza. Watu hawataona kilicho chini, watakanyaga kilicho juu. Mifuko ishirini ilikuwepo. Kumi na minane ikaenda kwenye sakafu, miwili ikamwagwa kwenye nafasi, kwa juu juu, na chini yake wakarudisha udongo uliotoka kwenye tundu.

"Koleo," nikamwambia, "mimi nilisaini."

"Ulisaini picha. Wewe ndiye uliyesema picha inatosha. Ungekuja, ningemwaga yote ishirini, wallahi. Kwani ningekukatalia wewe?"

Hakulisema kwa ukali. Hilo ndilo lililoniumiza, alilisema kama mtu anayenikumbusha kanuni niliyoitunga mwenyewe. Kisha akauliza kama nina mpango wa kulitoa jambo hili hadharani. Nikasema bado nafikiri. Akasema nifikiri vizuri, maana kwenye jalada lile jina lake limeandikwa kwa mashine, langu kwa mkono.

Machi 26, Alhamisi

Sikulitoa.

Machi 27, Ijumaa

Milimita ishirini na nane. Nimekaa na kuhesabu saa tatu mbele.

Machi 30, Jumatatu

Mhandisi kijana aliniuliza tena kuhusu kisima cha zahanati. Nikamwambia subira huvuta heri. Akasema, "Sawa, Mzee." Siku hizi "sawa" yake imekuwa fupi zaidi.

Machi 31, Jumanne

Milimita arobaini na nne. Maharage yameota.

Aprili 2, Alhamisi

Nitaandika kwa utaratibu wa saa, ili nisijipunguzie kitu.

Saa nne asubuhi mwenyekiti alipiga simu: watu wanaharisha. Nilifika saa sita. Ndani ya zahanati walilazwa tisa, saba kati yao watoto. Muuguzi alikuwa amewaweka wawili wawili kitandani. Mdogo kuliko wote, msichana wa miaka miwili, alikuwa ameondolewa kwa gari kupelekwa hospitali kubwa. Macho yalikuwa yameingia ndani, alisema muuguzi, na alipolia hakutoa machozi. Nikauliza jina la mama yake kana kwamba lingesaidia.

Saa nane walikusanyika kwenye ile sakafu. Ni mahali pazuri pa mkutano, hapana tope. Mwenyekiti alisimama, akasema kamati imechoka, imeonya, imevumilia. Watu walikuwa na hasira ya watu wenye wagonjwa, ambayo haina masikio. Shemeji alisimama mlangoni mwa chumba cha pampu. Alijaribu kueleza alama zake za mkaa, akataka waingie waone. Mtu mmoja akamwambia hapa watu hawakuja kutazama michoro ya ukutani. Hakuna aliyecheka safari hii.

Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi, mtaalamu. Akauliza kwa sauti ya mkutano: tangi chafu linaweza kuleta ugonjwa huu, au haliwezi?

Nimefundisha wanafunzi wengi kwamba mkaguzi hujibu swali aliloulizwa, haongezi, hapunguzi. Nikajibu swali nililoulizwa.

"Linaweza," nikasema.

Ni kweli. Tangi chafu linaweza. Kitabu chochote kitakuambia hivyo. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule kwa maneno ya kweli namna ile.

Mwenyekiti akanyoosha mkono. Shemeji akaanza kuchomoa funguo mbili za pale kwenye pete. Funguo zile nyingine zilimzuia, ikachukua muda, watu wote wakimtazama. Hakuna aliyemsaidia, mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Alipomaliza alizikabidhi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kumkabidhi mtu kitu. Akapita mbele yangu.

"Haya, shemeji," akasema.

Basi. Angenitukana ningepata pa kushika. Miaka kumi na miwili tangu kaka afariki mwanamke huyu hajaniomba kitu, na mimi ndiye niliyemwangushia jumba bovu, kisha nikasimama pembeni nikiwa na wasiwasi vumbi lisichafue viatu vyangu.

Aprili 3, Ijumaa

Sikwenda kazini. Mke wangu alileta uji, akaukuta baadaye umeganda, akakaa. Nikamweleza yote, kuanzia saini ya picha. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio: uchache wa magari, shinikizo, nia yangu njema, heshima ya jina, miezi mitatu iliyobaki. Nilisema pia sitaki aje aitwe mke wa yule mzee aliyewanywesha watu uchafu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Kwa hiyo heshima unayoilinda ni ya kwangu?" akauliza. "Mimi sijakutuma."

Akachukua bakuli akatoka. Nikamsikia jikoni akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Aprili 6, Jumatatu

Leo nimesema. Lakini hata katika kusema nimekosea, na kosa lenyewe nataka liandikwe.

Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, niliandika barua ya kukiri kwa mkuu wa ofisi. Kurasa tano. Nilieleza kizibo ni nini na kwa nini kipo. Nilinukuu kanuni. Nilijilaumu kwa lugha iliyonyooka, na nilipoisoma niliona ni barua nzuri, hata nikajihisi nafuu. Asubuhi nilimpa kwanza mhandisi kijana aisome. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Hakwenda wa pili.

"Mzee, kisima kimefungwa?"

Sikuelewa.

"Kisima. Umeandika tangu juzi kwamba maji yana kinyesi. Watu wanachota?"

Walikuwa wanachota. Ijumaa walichota, Jumamosi, Jumapili, na asubuhi ile pia, huku mimi nikitafuta neno linalofaa zaidi kati ya "uzembe" na "upungufu." Yeye alikwisha kushika simu. Alimpigia muuguzi, akamwambia aende na mtu sasa hivi wafunge pampu, asisubiri barua wala mwenyekiti. Kisha akapiga kwa mwenye gari la tangi la maji. Dakika sita zilimtosha. Mimi nilibaki nimeshika kurasa zangu tano.

Mkuu wa ofisi alizisoma adhuhuri. Alisema ningeweza kusubiri Juni. Nikamwambia ndiyo, ningeweza.

Aprili 8, Jumatano

Tumevunja sakafu.

Mafundi wa ofisi walikuja na nyundo nzito. Watu walijaa, na wengine waliona uchungu. Mama mmoja alilalamika kwamba hicho ndicho kitu pekee cha maana kilichojengwa pale. Kabla nyundo hazijaanza nilipanda kwenye ukingo nikasema. Nilikuwa nimepanga maelezo, nikayaacha. Nilisema mtunza pampu hakukosa. Tangi halikuwa chafu, nililiona mwenyewe na nilijua. Kilichokosekana kiko chini ya sakafu hii, na mimi niliandika nimekiona wakati sikukiona. Alhamisi mliponiuliza, nikamwacha abebe yeye.

Fundi cherehani aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba sote ni binadamu, na mtu mmoja nyuma akamwambia akae chini.

Koleo alitokea bila kuitwa. Alipita katikati ya watu, akachukua nyundo mkononi mwa fundi, akaanza yeye. Hakunisalimia. Alivunja kwa karibu saa nzima, mtu wa miaka sitini na mbili, na kila zege lilipopasuka lilionekana lilivyo imara. Saruji nzuri, mahali pasipo pake. Walipochimba kando ya bomba walikuta kipande chembamba kama chapati, kisha udongo mlegevu, majani, na mifuko mitupu ya saruji iliyosokomezwa ili kujaza nafasi. Udongo ulikuwa umelowa mpaka chini walikofika. Mhandisi kijana akashuka kwenye shimo, akapima, akatoka na tope mpaka magotini, akaandika.

Sasa watachimba hadi mita sita kwa mkono, wasafishe, wamwage kizibo upya, na yeye atakuwa amesimama pale pale.

Mwenyekiti alimletea shemeji zile funguo mbili mbele za watu. Hakuzipokea.

"Za kufungulia nini?" akamuuliza. "Tengenezeni kwanza."

Kwangu alikuja baadaye, nilipokuwa nikinawa. Nilianza kumwomba radhi, na kama kawaida yangu nikaanzia mbali. Akaninyooshea kitambaa nijifute. Alisema yale ya leo ameyasikia na amenishukuru. Ya Alhamisi bado yamo. Nisimharakishe.

Aprili 10, Ijumaa

Msichana wa miaka miwili amerudi kutoka hospitali. Muuguzi anasema anakula na kugombania kijiko. Nilikaa nikalifikiria kwa muda, kisha nikajikanya: kupona kwake ni riziki yake na mama yake, hakunitoi mimi hatiani.

Aprili 13, Jumatatu

Barua ya kunisimamisha kazi imefika. Nimeirudisha bahasha mezani na kukusanya vitu vyangu, ambavyo ni vichache kuliko nilivyodhani.

Mhandisi kijana aliniomba nisiondoke. Alikuwa ametandaza majalada sakafuni, yale aliyoyaomba mwezi uliopita. Ameyapitia yote ya miaka minane. Visima arobaini na vitatu. Alinionyesha rundo la kushoto, la visima nilivyokwenda kuviona kwa miguu yangu, na rundo la kulia, penye picha ya mifuko.

Kulia ni kumi na tisa, bila kuhesabu cha zahanati.

Nilikuwa nimefikiria kisima kimoja. Nilikiri kimoja, nikavunja sakafu ya kimoja, nikaanza kulala vizuri kwa ajili ya kimoja. Katika vile kumi na tisa pengine wachimbaji walimwaga saruji yote. Wengi wao ni waaminifu. Pengine. Sijui, na kutojua huko ndiko nilikopigia saini.

Hakunilaumu. Aliuliza tu kama nakumbuka kila kimoja kilipo na nani anayekitunza. Nakumbuka. Tulifanya kazi mpaka jioni, mimi nikitaja, yeye akiandika.

Aprili 14, Jumanne

Milimita hamsini na mbili tangu alfajiri, na haijakatika.

Vipimo vya visima vyote vitachukua wiki tatu. Mvua haitangoja wiki tatu, kwa hiyo lazima tangazo litoke sasa, libandikwe kwenye kila kisima, na lisomwe kwenye redio. Nimeruhusiwa kusaidia nikiwa nyumbani, bila cheo. Mhandisi kijana aliniomba niandike rasimu, kwa kuwa, alisema, hakuna anayeyajua mambo haya kama mimi.

Nikaandika kurasa mbili. Nilieleza nafasi kati ya bomba na tundu, nilieleza kizibo, nilieleza kwamba si visima vyote vimeharibika na hakuna sababu ya taharuki. Nilieleza saini ya picha ilianzaje, na katika hali gani. Nilipomsomea kwa simu alinisikiliza kwa heshima, kama mtoto anavyomsikiliza baba yake mlangoni wakati gari linamsubiri nje. Kisha akauliza kama anaweza kufupisha.

Alifuta kizibo. Alifuta taharuki. Alifuta hali gani. Nikaisikia kalamu ikikwaruza upande wa pili, mstari baada ya mstari, kila maelezo niliyowahi kujifichia, nami sikumzuia. Alibakisha orodha ya visima kumi na tisa, jina langu kama mkaguzi aliyesaini, ambalo nililiomba libaki, na chini yake sentensi moja. Mtu wa kwanza kuisoma ni mke wangu, amesimama nyuma ya kiti changu. Imeanza kubandikwa saa hii, na yatakayofuata yatafuata. Lakini kama kisima chako kimo kwenye orodha hii, usinywe maji yake leo kabla ya kuyachemsha.